Uzi Utoke Jinsi Ulivyoviringwa

Kwenye baraza za maduka ya Kasese, na kule Bwera jirani na mpaka wa Mpondwe, cherehani za kukanyaga hushona sare za shule, magauni ya kitenge na suruali za kupunguza. Uzi ukianza kukatikakatika, fundi hukimbilia skrubu ya kukaza, au huilaumu sindano. Kabla ya hapo, atazame rili ya uzi imekaaje.

Kanuni ni moja: uzi utoke jinsi ulivyoviringwa. Kama mizunguko imelala sambamba, uzi utoke ubavuni huku rili ikizunguka. Kijiti cha wima kilicho juu ya Singer za zamani na Butterfly za China kinaifaa rili hiyo. Ukiuvuta kupitia kichwani, rili ikiwa imetulia, kila mzunguko unaochomoka huongeza au hupunguza msokoto mmoja. Rili yenye kipenyo cha sentimita 3 hutoa sentimita 9 na ushei kwa mzunguko, hivyo kila mita hupata misokoto 10 hivi. Visahani vya kukaza huizuia misokoto hiyo isipite. Hurundikana nyuma yake, uzi hujikunja na hatimaye hukatika.

Kijiti cha wima nacho kina hila yake. Ukisimamisha mguu ghafla, rili huendelea kuzunguka, uzi hulegea na kujizonga chini yake. Kata kitambaa kizito cha mviringo, kitoboe katikati, ukiweke chini ya rili ili kiipunguze kasi.

Rili ambayo nyuzi zake zinapishana kama herufi X hutoa uzi vizuri kupitia kichwani. Ndiyo ya kuweka kwenye kijiti kilicholala cha cherehani ya umeme. Izibe kwa kifuniko kipana kidogo kuliko ncha yake. Mkato wa kushikia uzi uelekee upande ambao uzi hautokei, usije ukanasa humo.

Koni kubwa, zinazopendwa na wenye kazi nyingi, zisipachikwe juu ya mashine. Isimamishe koni nyuma ya cherehani, na juu yake weka ndoano ya waya iliyo sawasawa na kitovu cha koni. Kutoka kitako cha koni hadi ndoano pawe na kimo cha mara mbili na nusu ya urefu wa koni. Ndoano ikienda kando, uzi husugua ukingo mmoja, na mshono hukaza na kulegea kwa zamu.

Sasa jaribu: inua mguu wa kukandamiza kitambaa, visahani viachie, kisha vuta uzi polepole kwa mkono. Ukija kwa mikupuo, rekebisha rili au koni. Ukija laini na mshono bado mbovu, hapo ndipo uiguse skrubu, robo mzunguko kwa mara moja, ukijaribu kwenye kipande cha kitambaa kile kile unachoshona.