Tunapigiana Taa kwa Ajili ya Nani?



Ilikuwa alasiri moja ya kumi la mwisho la Ramadhani. Tulikuwa tukirejea Takaungu kutoka Mombasa, mimi, dada yangu na watoto wake wawili, na aliyeshika usukani ni shemeji yangu. Nyuma ya gari tumepakia nguo za Idi, na kila mmoja wetu fikira zake ziko jikoni, kwani jua lilikuwa limeshaanza kuinama na futari haijatengenezwa.

Tulipokwisha kuvuka daraja la Mtwapa, gari lililotukabili lilituwashia taa mara mbili. Shemeji akafahamu. Akaondoa mguu kwenye mafuta, mshale ukashuka mpaka 50, na mbele kidogo tukawaona askari wawili wa trafiki chini ya mti, mmoja wao ameshika kamera ya kupimia mwendo. Tukawapita kwa adabu kama wapelekao bibi harusi. Walipofichika nyuma yetu, mguu ukarudi pale pale. "Leo wametukosa," akasema, nasi sote tukacheka.

Kicheko hicho kilidumu mpaka njia panda ya kwetu. Matatu ilikuwa imesimama kando kushusha abiria. Kwa mbele yake, bila ya kutazamiwa, akachomoza mtoto wa kike wa umri wa kama miaka saba, mkononi ameshika mfuko wa viatu. Breki zikalia. Gari likasimama, na baina ya mtoto na sisi zimebaki hatua mbili, au pengine hazikutimia. Bibi yake alimvuta kwa nyuma, akamkumbatia, akatutazama. Hakututukana. Laiti angalitutukana, ingalikuwa nafuu kwetu.

Tulifika nyumbani kimya. Usiku ule, baada ya tarawehe, shemeji alisema neno ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Alisema: "Yule mwenzangu alinipigia taa kuniambia askari yuko. Hakuna aliyenipigia taa kuniambia mtoto yuko."

Malalamiko yenye haki ndani yake

Haitakuwa insafu kuanza kwa kuwalaumu madereva pekee. Ukikaa nao barazani utasikia malalamiko ambayo mengi yana ukweli. Wanasema kwamba kamera huwekwa mahali pa kuvizia na si mahali pa hatari. Wanasema kibao cha mwendo hakipo, au kimefunikwa na majani, au kimeng'olewa, na katika hii kazi ya kuipanua barabara kutoka Mombasa na Mtwapa hadi Kilifi, njia ya jana siyo ya leo. Wanasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba si kila asimamishwaye hufikishwa mahakamani: wako wanaomalizana na mtu pale pale barabarani, kwa noti iliyokunjwa ndani ya leseni.

Manung'uniko haya si yetu peke yetu. Ndugu zetu wa Tanzania huiita kamera hiyo tochi, na kupigwa tochi ni hadithi ya kila msafiri wa huko. Ufaransa, katika vurugu za wavaaji vizibao vya manjano zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2018, sehemu kubwa ya kamera za barabarani ziliharibiwa, na serikali yenyewe ikakiri kwamba zilizoguswa zilikaribia asilimia 60. Abu Dhabi, waliko jamaa zetu wengi, ilikuwapo nafuu ya kilomita 20 juu ya mwendo ulioandikwa kwenye kibao kabla ya dereva kutozwa faini. Mwezi wa Agosti 2018 nafuu hiyo iliondolewa, na vibao navyo vikarekebishwa viseme mwendo ule ule unaopimwa na kamera. Hapo pana funzo: sheria ikiwa kali, basi na iwe wazi, ili asiwepo wa kusema hakujua.

Na kuna jambo la kustaajabisha katika asili ya chombo chenyewe. Aliyekibuni ni Mholanzi, Maurice Gatsonides, bingwa wa mashindano ya magari aliyeshinda ya Monte Carlo mwaka 1953. Hakukibuni ili kuwazuia wenye kasi. Alitaka kujipima yeye mwenyewe kwenye kona, ajue ni wapi anapopoteza muda, apate kwenda mbio zaidi. Chombo hicho hicho ndicho leo kinachotuambia twende pole.

Sheria inasema nini?

Wengi wetu tunalalamikia sheria ambayo hatujaisoma. Kwa mujibu wa Sheria ya Trafiki ya Kenya, ndani ya miji na vituo vya biashara mwisho wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Matatu, mabasi na magari ya mizigo hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 popote pale.

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zimeweka viwango vya adhabu. Anayezidisha kwa kilomita 1 hadi 5 huonywa tu. Kuanzia 6 hadi 10, faini ni shilingi 500. Kuanzia 11 hadi 15, ni shilingi 3,000. Kuanzia 16 hadi 20, ni shilingi 10,000. Dereva hupewa hati yenye kosa lake, naye ana hiari ya kukubali na kulipa, au kukataa na kwenda kujitetea mahakamani.

Ndugu msomaji, viwango hivi vinafaa kukumbukwa na kila mwenye gari, kwa sababu rushwa hustawi penye ujinga. Asiyejua kwamba kosa lake ni la shilingi 500 hutishwa na kutoa 2,000 bila ya stakabadhi, kisha akamshukuru aliyempokonya. Na hapo amepata hasara mbili. Dini yetu inamweka mtoaji rushwa pamoja na mpokeaji wake katika laana moja, na Sheria ya Rushwa ya Kenya ya mwaka 2016 nayo inawatia hatiani wote wawili. Hatuwezi kuwaita askari wala rushwa na sisi wenyewe ndio tunaowalisha. Aliyedhulumiwa ana pa kushitaki: iko Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi (IPOA), na iko Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC). Atakaye kushitaki na aandike tarehe, saa, mahali na namba ya askari.

Hesabu ya dakika sita

Sasa tuje kwenye hiyo haraka yenyewe, tuipime. Kutoka Mtwapa hadi Kilifi ni kama kilomita 40. Kwa mwendo wa 80, ni nusu saa. Kwa mwendo wa 100, ni dakika 24. Basi kinachopatikana kwa hatari yote ile ni dakika sita, na hizo ni kama barabara iko wazi tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo kila apitaye njia hii anajua kwamba halipatikani.

Upande wa pili wa mizani kuna nini? Gari liendalo kwa 50 hukata karibu mita 14 kwa sekunde moja. Liendalo kwa 100 hukata karibu mita 28. Sekunde moja ndiyo anayohitaji dereva ili jicho lione na mguu ufike kwenye breki. Maana yake ni kwamba gari la pili limeshakwenda mita 28 kabla hata halijaanza kupunguza mwendo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila mwendo wa wastani unapoongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa takriban asilimia 4. Hapa kwetu Kenya, katika miaka ya karibuni, barabara zimekuwa zikichukua roho za watu zaidi ya 4,000 kila mwaka, na kundi kubwa zaidi miongoni mwao ni la waendao kwa miguu.

Hao ni akina nani? Itazame njia panda yetu. Takaungu iko upande wa bahari. Atokaye Mombasa hushushwa upande wa bara, kwa hivyo hana budi kuvuka barabara kuu ndipo apate bodaboda ya kumfikisha kijijini. Aendaye Kilifi asubuhi, sokoni, hospitalini au shuleni, naye hana budi kuvuka ili apate matatu. Kwa hiyo hakuna mwana wa Takaungu ambaye hakuivuka barabara ile kwa miguu yake, hata huyo ambaye leo ana gari. Na barabara ikipanuka, mwenye miguu atakuwa na kipande kirefu zaidi cha kuvuka. Dereva anapolalamika kwamba kamera haina kazi njia panda, na amuulize mama yake mzazi aliyezeeka namna anavyovuka pale.

Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwaonya Masahaba na kukaa njiani, na waliposema kwamba hawana budi, aliwaamrisha waipe njia haki yake. Miongoni mwa haki hizo alizozitaja ni kuzuia udhia. Ikiwa aliyekaa tu njiani anadaiwa haki ya njia, sembuse yule apitaye na tani nzima ya chuma?

Sauti ya abiria

Watu wazima wanakumbuka mwaka 2004, Waziri wa Uchukuzi John Michuki alipozilazimisha matatu kuweka vidhibiti mwendo vya kilomita 80, mikanda kwa kila abiria, na watu wasiozidi 14 katika matatu ndogo. Wenye magari walinung'unika sana. Sisi abiria, hususan wanawake tuliozoea kubanwa na watoto mapajani, tuliona kama tumekombolewa. Kisha usimamizi ukalegea, vidhibiti vikachezewa, na mambo yakarudi karibu na yalikokuwa. Sheria inayomngoja askari peke yake haikai.

Basi ni nani mwingine? Jibu moja limepatikana hapa hapa Kenya. Watafiti wawili, James Habyarimana na William Jack, walibandika vikaratasi ndani ya matatu za safari ndefu, vyenye maneno ya kuwahimiza abiria wamkemee dereva anapokwenda kwa fujo. Hawakuongeza askari wala kamera. Katika jaribio lao la kwanza, madai ya bima ya ajali katika magari yale yalipungua kwa nusu au zaidi, na katika jaribio kubwa lililofuata yalipungua kwa baina ya robo na thuluthi. Baadaye kampeni hiyo ikaenea kwa jina la Zusha. Kilichookoa watu ni ulimi wa abiria.

Dada zangu, hapa ndipo neno linapotuhusu. Mara ngapi tumekaa ndani ya matatu, mkono mmoja umemshika mtoto na mwingine umeshika kiti, tukisoma dua kimyakimya, na hali tuna ulimi wa kusema, "Dereva, taratibu, tuna watoto"? Twaona haya, twachelea makanga asitujibu vibaya. Lakini akianza mmoja, wa pili huitikia, na wa tatu. Mara ngapi tumekaa kando ya waume zetu na kaka zetu, tukanyamaza ili tusiambiwe tunajua sana? Mimi mwenyewe siku ile nilicheka shemeji aliposema wametukosa. Kicheko changu kilikuwa sehemu ya mwendo ule.

Na tuseme kweli, pengine haraka yao ni sisi tunaoitia. Ni sisi tunaopiga simu: "Mko wapi? Futari inapoa! Maharusi wanangoja!" Tangu siku ile, nyumbani kwa dada yangu wamejiwekea desturi mbili. Ya kwanza, ndani ya gari haikosi tende na chupa ya maji mwezi wa Ramadhani, ili Maghribi ikiwakuta Vipingo, wafuturu Vipingo. Ya pili, aliye njiani hapigiwi simu ya kuulizwa amefika wapi. Hungojwa.

Kwa wazee wetu wa mtaa na viongozi wa wadi, tuna ombi. Pelekeni kwa wahusika wa barabara maombi ya maandishi, yenye saini zetu, wanaume kwa wanawake: kibao cha mwendo kinachoonekana pande zote mbili, alama za kivuko, na matuta kabla ya njia panda. Na kamera ikija, iwekwe palipo na watoto, hadharani, dereva aione toka mbali. Kamera ya namna hiyo hatutailalamikia.

Shemeji yangu bado huwapigia taa madereva wenzake. Ila sasa huwapigia akishaipita njia panda ya shule, au akiona wazee wanangoja kuvuka. Anasema wengi hupunguza mwendo, wakatafuta askari chini ya miti, wasimwone, wakamshangaa. Watoto nao huwa wameshavuka.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi sisi na vizazi vyetu njiani na majumbani. Amin.