Tiba ya Ulevi Ianzie Zahanati: Funzo Kutoka kwa Askari Wastaafu wa Marekani

Askari mstaafu wa Marekani anayekwenda katika kliniki za Idara ya Maveterani kupima presha au kufuata dawa za kisukari huulizwa, mara moja kila mwaka, maswali matatu. Je, hunywa pombe mara ngapi? Siku anayokunywa, hunywa kiasi gani? Na ni mara ngapi hunywa vinywaji sita au zaidi kwa mkao mmoja? Hatolewi macho wala hasomewi mawaidha. Majibu yake hupewa alama kuanzia 0 hadi 12, na zikifika 5 au zaidi, muuguzi au daktari hutakiwa kuzungumza naye hapo hapo juu ya kupunguza au kuacha.

Maswali hayo ni matatu ya mwanzo katika dodoso la maswali 10 la Shirika la Afya Duniani. Utafiti uliozaa dodoso hilo ulifanyika katika nchi sita, na jirani zetu wa Kenya walikuwa mojawapo. Si chombo kigeni kwetu, basi, kama wengine watakavyodhani.

Wapo watakaouliza yanatuhusu nini ya askari waliokwenda kupigana Iraq na Afghanistan. Swali hilo tunaliheshimu. Lakini elimu ya tiba haina uraia, na hali ya askari hawa inafanana mno na ya vijana na wazee wanaofichwa katika nyumba zetu. Ni watu waliolelewa kuamini kwamba mwanamume hulalamika kwa siri. Wengi wamerudi na kiwewe cha vita, usingizi wa mang'amung'amu na maumivu ya mwili yasiyoisha, wakaifanya pombe kuwa dawa ya vyote vitatu. Na wanapoambiwa waende katika kliniki ya waraibu, wengi hawafiki. Mtu yuko tayari kuonekana kwenye foleni ya presha. Kwenye foleni ya walevi hayuko tayari.

Hapo ndipo watafiti walipojiuliza: kwa nini tiba isimfuate mgonjwa pale alipokwisha kuketi?

Mwaka 2014, Daktari David Oslin na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha maveterani 163 wenye utegemezi wa pombe. Kwa kura, baadhi walipelekwa kliniki maalumu ya uraibu, na wengine wakatibiwa katika kliniki yao ya kawaida ya afya ya msingi, kwa kukutana mara kwa mara na mhudumu mmoja na kupewa nafasi ya kutumia dawa iitwayo naltreksoni. Katika majuma 26, waliobaki kliniki ya kawaida walishikamana zaidi na tiba, na siku zao za kunywa kupindukia zikawa chache zaidi.

Tusiharakishe kushangilia. Utafiti mwingine, uliofanywa katika kliniki za maveterani za eneo la Seattle na kuchapishwa mwaka 2018, uliwafuata wagonjwa 304 kwa miezi 12. Kundi moja lilipewa muuguzi wa kuwafuatilia. Waliokuwa na muuguzi walitumia dawa za kutibu ulevi kwa wingi zaidi kuliko wenzao, lakini kiasi cha unywaji cha makundi hayo mawili hakikutofautiana kwa namna ya kutegemewa. Wengi katika utafiti huo hawakuja kwa kuomba tiba, walifuatwa. Kwa maoni yetu hilo halibatilishi njia hii. Linaonyesha kwamba kumfungulia mtu mlango hakumlazimishi kuingia, na kwamba safari yenyewe ni ndefu kuliko mwaka mmoja.

Dawa nazo zina historia. Disulfiramu, ambayo athari yake iligunduliwa Denmark katika miaka ya 1940, humfanya anayekunywa pombe juu yake atapike na moyo umwende mbio. Tunawasihi wanaofikiria kumtilia mtu dawa ya namna hii kwenye chai bila yeye kujua: kufanya hivyo ni kuhatarisha roho yake. Naltreksoni iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya ulevi mwaka 1994. Yenyewe haimdhuru anayekunywa. Humwondolea ladha ya ulevi, hata hamu ikafifia. Haimfai anayetumia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, na daktari hulitazama ini kwanza. Akamprosati, ya mwaka 2004, humsaidia aliyekwisha kuacha asirudi. Kwa miaka mingi madaktari wa kliniki za kawaida huko Marekani walisita kuziandika, wakiona kwamba ulevi ni kazi ya wengine. Kusita huko ndiko kunakopigwa vita sasa.

Na sisi? Uharamu wa pombe hauna mjadala. Aya ya 90 ya Surat al-Maida imeufunga. Lakini jambo hilo hilo liliteremshwa kwa hatua, kupitia al-Baqara na an-Nisaa, kwa watu waliokuwa wameizoea. Na katika Sahihi Bukhari imepokewa habari ya mtu aliyekuwa akiletwa mara kwa mara mbele ya Mtume (S.A.W.) kwa kosa la kunywa, mmoja wa waliohudhuria alipomlaani, Mtume alikataza, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume Wake. Adhabu ilikuwepo, lakini hakufukuzwa katika jamii. Wangapi kati yetu tumefika hapo na shemeji zetu, achilia mbali jirani?

Tunaloliogopa zaidi ni hili. Ndugu anatubu kweli, labda Ramadhani inakaribia, na familia kwa kulinda sitara yake inamfungia chumbani aache siku moja. Kwa anayekunywa kila siku, anayeamka akitetemeka mpaka azimue, kuacha ghafla kunaweza kumuua. Kutetemeka na jasho huanza ndani ya saa chache. Kifafa kinaweza kumshika katika siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu na watu wasiokuwepo, homa ikapanda, na hapo nyumba nyingi huita mganga wa majini. Huyo ni mgonjwa wa dharura. Hospitali humtuliza kwa dawa kama diazepamu, humpa vitamini B1 na maji, na kumwangalia usiku na mchana hadi hatari ipite.

Kwa hiyo mama anayempeleka mwanawe zahanati kwa sababu ya vidonda vya tumbo amweleze tabibu habari ya pombe pia: anakunywa nini, tangu lini, mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi, na kama amewahi kuanguka kifafa alipojaribu kuacha. Tabibu akiona dalili za hatari atatoa rufaa. Akisema hili si la hapa, aulizwe kwa upole ni la wapi, na jina la kituo liandikwe kwenye karatasi.