Vali, Tarakimu na Mvumo wa Ilimba

Mchezaji wa ilimba katika nchi ya Ugogo, ambamo mna Haneti, haridhiki na mlio mtupu wa ndimi za chuma. Juu ya tundu la kisanduku hubandikwa utando wa buibui, ambao hutetema na kuongeza mvumo. Mvumo huo si kasoro. Ndio utamu unaotafutwa. Jambo hilo ni ufunguo wa kuuelewa ubishi wa wapigaji gita la umeme: je, kikuza sauti cha vali chaweza kuigwa kwa hesabu?

Uzi wa gita unapotetema juu ya sumaku iliyozungushiwa waya, huzaa umeme dhaifu. Vali huukuza. Umeme ukizidi uwezo wa vali, vilele vya wimbi hubanwa taratibu badala ya kukatwa ghafla. Umbo la wimbi likibadilika, sauti mpya huzaliwa: mlio wa hezi 110 huongezewa 220, 330, 440 na kuendelea. Huo ndio mkwaruzo wenye joto unaosifiwa.

Chombo cha tarakimu huupima umeme huo, kwa mfano, mara 48,000 kila sekunde, kisha hupiga hesabu zinazoiga mwenendo wa vali. Roland ya Japani ilitoa VG-8 mwaka 1995. Line 6 ya Marekani ikafuata na AxSys 212 mwaka 1996. Hata hivyo, vipimo 48,000 haviwezi kuwakilisha sauti iliyozidi hezi 24,000. Mlio wa 10,000 ukizaa 30,000, huo hurudi chini kama 18,000, mgeni asiyepatana na wimbo. Dawa yake ni kuzidisha vipimo wakati wa hesabu, kisha kuchuja.

Jukwaani, kikuza sauti cha vali ni kizito, na kwa kawaida hakitoi mkwaruzo wake mpaka kipigwe kwa nguvu. Chombo cha tarakimu huingia mkobani na hukwaruza hata kwa sauti ya chini. Studioni, kinamwezesha fundi kubadili sauti baada ya kurekodi. Kikichelewa kwa milisekunde 5, ni sawa na mpigaji kusimama mita 1.7 mbali na kipaza sauti chake. Lakini vali iliyoungua huchomolewa ikapachikwa nyingine, ilhali kompyuta ndogo iliyokufa humshinda fundi wa mtaani.

Mwaka 2002 albamu ya Assembly ilimkutanisha Hukwe Zawose, bingwa wa muziki wa Kigogo, na Michael Brook, mpiga gita wa Kanada. Muziki wa Ugogo haukupotea kwa kukutana na mitambo. Kijana mwenye fedha chache asione haya, basi, kwa kuwa chombo chake ni cha kuiga. Sikio husikia umbo la wimbi. Halijui limetoka wapi.

Mwanafunzi asiye na gita afunike kitana kwa karatasi nyembamba, aguse karatasi hiyo kwa midomo na kuimba bila maneno. Mvumo atakaousikia ni somo la kwanza.