Malai Chachu: Usalama Uanzie Mekoni

Malai mbichi yaweza kubeba vijidudu vya bruselosi, maradhi ya ng'ombe yamwambukizayo binadamu homa ya muda mrefu. Kwa hiyo, kabla ya kuichachusha, nusu lita ya malai sharti ichemshwe, kisha ipozwe hadi iwe vuguvugu.

Tia vijiko viwili vya mtindi mpya uliotokana na maziwa yaliyochemshwa. Koroga, funika, uiache kivulini saa 12 hadi 24. Bakteria wa mtindi hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, nayo malai ikawa nzito. Ihifadhi penye baridi.

Malai yenye mafuta mengi haikatiki upesi motoni. Itie katika mchicha au viazi vinapokaribia kuiva. Ikiota ukungu, imwage bila huruma: afya ya nyumba ni bora kuliko akiba.