Vitafunio vya safarini: Kinachomfaa abiria huenda kikamponza dereva

Basi la kutoka Mombasa kuelekea Nairobi linapopunguza mwendo katika mji wowote ulio kando ya barabara, wachuuzi hulikimbilia hata kabla halijasimama. Madirisha hufunguliwa, mikono hunyooshwa, na baada ya dakika chache njugu, korosho, mayai ya kuchemsha, machungwa na maji ya chupa huwa vimepata wanunuzi. Ni nadra safari hiyo ya takriban kilomita 480 kumalizika kinywa kikiwa kitupu.

Kwa abiria, kutafuna ni sehemu ya raha ya safari. Kwa aliyeshika usukani, mambo ni tofauti kabisa. Kitafunio kile kile kinachomwondolea abiria uchovu chaweza kumwondoa dereva barabarani. Ndiposa inafaa kila anayejiandaa kwa safari ndefu atofautishe kinacholiwa kwenye kiti cha nyuma na kinacholiwa kwenye kiti cha mbele.

Kila mahali na chake

Msafiri anayeondoka Mombasa aghalabu hujifungia mahamri, kashata za nazi, korosho, mabuyu yaliyotiwa sukari na pilipili, mihogo ya kukaanga au viazi karai vyenye ukwaju. Akishapita Voi, barabara hupenya kati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi hadi Mtito Andei, ambapo wengi husimama kwa chai na sambusa kwa kuwa hapo ni karibu nusu ya safari.

Kibwezi husifika kwa asali na matunda. Huko Emali na Sultan Hamud, machungwa, maembe na matikiti maji kutoka mashamba ya Ukambani hupangwa kando ya barabara kwa mafungu. Kwenye barabara ya Nairobi kuelekea Nakuru, Soko Mjinga huwavuta wasafiri kwa karoti na matunda ya nyanda za juu, nako Kikopey, karibu na Gilgil, wapenzi wa nyama choma hawapiti bila kusimama.

Macho, mikono na akili

Uendeshaji gari huhitaji vitu vitatu kwa pamoja: macho, mikono na akili. Chakula huweza kuvinyang'anya vyote kwa mpigo.

Basi linalokwenda kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa kwa magari ya abiria nchini, husonga mita 22 kila sekunde. Dereva akiinama kwa sekunde tatu tu kuokota njugu iliyoanguka, gari litakuwa limekwenda zaidi ya mita 65 bila mtu kulitazamia njia. Umbali huo watosha kumkuta mwendesha bodaboda, ng'ombe anayevuka au lori lililoharibika.

Kwa sababu hiyo, viazi karai havimfai dereva, kwani mafuta hulainisha vidole na ukwaju hudondoka nguoni. Mabuyu nayo yana kokwa za kutemwa. Chungwa huhitaji mikono miwili na kisu. Chai ya moto ikimwagika mapajani, hakuna dereva atakayekumbuka breki kwanza.

Kama ni lazima atafune, basi na iwe kitu kikavu, kidogo, kisichohitaji kuambuliwa wala kuchovywa. Korosho chache, tende zilizokwisha kutolewa kokwa, au vipande vya karoti vilivyokatwa nyumbani vyatosha. Bora zaidi ni abiria aliyeketi kando yake kumfungulia pakiti na chupa ya maji.

Chakula si tiba ya usingizi

Madereva wengi hutafuna kwa sababu ya kusinzia na wala si njaa. Hapa ndipo palipo na hatari kubwa zaidi.

Soda na peremende humpa mtu nguvu za ghafla ambazo hazidumu, na baadaye uchovu hurejea. Mlo mzito wa ugali na nyama nao huchochea usingizi, hasa kati ya saa nane na saa kumi alasiri, wakati ambapo mwili wenyewe hulegea. Kipindi kingine kibaya ni baina ya saa nane usiku na mapambazuko.

Kahawa husaidia kwa kiasi, lakini huchukua karibu nusu saa kabla ya kufanya kazi. Dereva aliyechoka hufaidika zaidi akiegesha gari mahali salama, anywe kikombe kimoja, alale dakika 15 hadi 20, kisha aendelee. Atakapoamka, kahawa itakuwa imeanza kufanya kazi.

Kuhusu miraa, mazoea ya muda mrefu yamewafanya baadhi ya madereva wa usiku kuihesabu kama kifaa cha kazi. Kemikali ya kathinoni iliyomo husisimua ubongo, hupunguza hamu ya chakula na kuahirisha usingizi. Hata hivyo, kuahirisha deni si kulilipa. Msisimko unapokwisha, uchovu uliokuwa umejificha hurejea kwa kishindo, pengine dereva akiwa katikati ya mteremko. Isitoshe, kuchagua na kuambua vijiti ni kazi ya mikono miwili.

Sheria ya Trafiki ilivyorekebishwa mwaka wa 2012 hairuhusu dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Kanuni hiyo yatambua ukweli ambao hakuna kitafunio kinachoweza kuubadilisha: aliyekosa usingizi hatibiwi ila kwa usingizi.

Tumbo nalo lina haki yake

Dereva anayeugua tumbo njiani ni hatari sawa na anayesinzia. Kanuni rahisi ni kuchagua chakula kilichokuja na ganda lake au kinachotoka motoni msafiri akiona. Ndizi, yai ambalo halijamenywa, dafu linalofunguliwa papo hapo na hindi linalochomwa makaani ni salama kuliko tikiti maji lililokatwa mapema likaachwa wazi kwenye vumbi na nzi, au kachumbari isiyojulikana ilioshwa kwa maji gani.

Njugu zahitaji uangalifu wa kipekee. Zikihifadhiwa penye unyevu huota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini, ambayo kukaanga hakuiondoi kabisa. Wakenya waliionja athari ya sumu hiyo mwaka wa 2004, mahindi yaliyoharibika yalipowaua watu 125 katika maeneo ya Ukambani. Njugu iliyosinyaa, yenye ukungu au ladha chungu, itemwe. Na wazazi wakumbuke kuwa njugu nzima zaweza kumsakama koo mtoto aliye chini ya miaka mitano, hasa gari linaporuka matuta.

Maji yasisahaulike. Baadhi ya wasafiri hujinyima kinywaji ili wasisumbuke kutafuta choo, kumbe upungufu wa maji mwilini huleta maumivu ya kichwa na kupunguza makini.

Kadhalika, maganda na chupa zisitupwe dirishani. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mnamo Agosti 2017, wachuuzi wengi hufunga bidhaa kwa karatasi, lakini chupa bado zatapakaa. Nyani wa Tsavo nao wamezoea mabaki ya wasafiri, hata huketi ukingoni mwa lami wakingoja kutupiwa, na wengi hugongwa na magari.

Kituo cha Makindu

Pengine funzo bora zaidi kuhusu chakula cha safarini lapatikana Makindu. Tangu mwaka wa 1926, hekalu la Kalasinga mjini humo limekuwa likiwapokea wasafiri wa kila dini na kabila, na kuwapa chakula kisicho na nyama bila malipo. Anayeingia huvua viatu, hufunika kichwa, huketi na kula kwa utulivu kabla ya kuendelea.

Si kila dereva atasimama hapo, lakini kila mmoja anaweza kuuiga utaratibu huo: kuzima injini, kushuka, kunyoosha miguu, kula bila haraka na kurudi barabarani akiwa macho. Nusu saa hiyo haimpotezei msafiri chochote ikilinganishwa na anachoweza kupoteza kwa kutafuna huku akiendesha. Wahenga hawakukosea waliposema, kawia ufike.