Mbwa Mwenye Tuta Mgongoni: Ni wa Damu Safi au Chotara?



Uendapo mnadani kununua fahali, humtazami pembe tu ukatoa fedha. Wauliza mama yake alitoa maziwa kiasi gani, na baba yake alitoka zizi la nani. Walakini nimeona watu wenye akili, wasioweza kudanganywa kwa ndama, wakitoa bei ya mbuzi watatu kwa mtoto wa mbwa kwa kuwa muuzaji amesema, "Huyu ni wa damu safi." Nami nalikuwa mmoja wao, haya nisemayo nimeyalipia.

Mbwa niliyeuziwa aliitwa Ridgeback, yaani mbwa mwenye tuta. Asili ya mbwa hao ni kusini mwa Afrika. Wakhoikhoi walikuwa na mbwa ambao manyoya ya mgongoni yamegeukia kichwani, na walowezi wa Kizungu wakawachanganya na mbwa wao. Mwaka 1922 wafugaji walikutana Bulawayo, katika nchi iitwayo sasa Zimbabwe, wakaandika sifa ambazo mbwa wa aina hiyo hana budi kuwa nazo. Angalia basi ya kwamba hata aina hii iitwayo safi ilianza kwa machanganyiko. Damu safi maana yake ni kwamba wazazi, mababu na mabibi wa mbwa wanajulikana na wameandikwa.

Tuta lake huanza nyuma ya mabega, likaenda likipungua upana hata karibu na mifupa ya nyonga. Upande wa mbele pana mahali pawili, kulia na kushoto, ambapo manyoya huzunguka kama maji yaingiapo shimoni, nayo yapaswa kukabiliana sawasawa. Dume husimama inchi 25 hata 27 begani, na jike inchi 24 hata 26. Rangi yake ni ya ngano, tangu hafifu hata nyekundu.

Mbwa wangu alikuwa na tuta zuri kabisa, nalo ndilo lililonipumbaza. Alipotimiza miaka miwili alikuwa na inchi 19, na mkia uliojikunja juu ya mgongo kama wa mbwa wote wa kijijini kwetu.

Sababu yake ni hii. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza ya kuwa wameona chanzo cha tuta katika urithi wa mbwa hao, nacho ni chenye nguvu: mbwa akikipokea kwa mzazi mmoja tu, tuta hutokea. Basi dume aliye nacho kwa baba na kwa mama akimpanda jike wa kijijini, watoto wote watazaliwa na tuta, nao ni machotara. Tena, dume na jike wa damu safi, ikiwa kila mmoja anacho kwa upande mmoja tu, watazaa kwa wastani mtoto mmoja katika wanne asiye na tuta. Huyo naye ni safi kama ndugu zake. Hata mbwa wa kisiwa cha Phu Quoc, huko Vietnam, wana tuta, wala si aina hii.

Kwa hiyo ulizia nasaba kabla ya kutazama mgongo. Taka kumwona mama akiwa ananyonyesha, na baba kama yupo. Taka cheti cha nasaba chenye namba ya kuandikishwa, kisha ipeleke namba hiyo kwa chama kilichotoa cheti, maana karatasi yaweza kuwa ya mbwa mwingine. Tazama na meno: mtoto wa mbwa huanza kubadili meno ya mbele apatapo miezi minne hivi. Ukiambiwa ana miezi miwili, nawe waona meno makubwa yametoka, cheti hicho si chake. Mbwa wengine wametiwa chini ya ngozi, kati ya mabega, chombo kidogo kama punje ya mchele chenye namba; daktari wa mifugo aweza kuisoma na kuilinganisha na karatasi.

Kiko pia kipimo cha vinasaba, cha mate yafutwayo ndani ya shavu. Hicho chaweza kukuonyesha machanganyiko, lakini gharama yake si ndogo, na vyama vya kuandikisha havikipokei mahali pa cheti.

Kabla ya kulipa, finya ngozi ya shingo na mgongo kwa vidole. Ukigusa kitu chembamba kama uzi mgumu kishukacho kuelekea uti, mwache mbwa huyo. Ni tundu la kuzaliwa nalo, hufanya usaha, na mara nyingi huhitaji kupasuliwa.

Mbwa wangu nalimweka. Hufukuza ngedere katika mahindi tangu alfajiri, na wezi wa kuku wamehama njia yetu. Watoto wake nawagawa bure, na kila aulizaye juu ya tuta namwambia ni chotara.