Makali Hayataki Haraka

Mama Ngina jioni haikosi watu. Wako waliofuata upepo wa bahari, wako wanaotazama meli zikiingia Kilindini, na wako kama mimi, wasiopita pale bila kunywa dafu. Lakini siku hiyo macho yangu hayakuwa baharini. Yalikuwa kwenye kisu cha muuza madafu: mapigo matatu tu, na dafu li wazi.

Nilimwonea wivu. Kisu changu cha kuchinjia, nilichorithi kwa marehemu baba, kilikuwa kimeharibika, na Idi ya Kuchinja imebaki wiki moja. Nilikuwa nimekipeleka kwa kijana mmoja mwenye grainda ya mkono. Cheche ziliruka, na kwa dakika moja kikawa kikali kama wembe. Nyumbani kilikata kamba mara mbili tu, kikafa. Nasi msomaji twajua tumeamrishwa kunoa kisu vyema, mnyama asiteseke.

Muuza madafu alinielekeza kwa mzee mmoja Mji wa Kale, fundi wa visu. Mzee alikigeuza juani, akanionyesha ukingo uliogeuka rangi ya buluu.

"Mwanangu, hiki hakikukosa kunolewa. Kimeondolewa matiko."

Akanieleza. Feleji ikipata joto la digrii 220 hivi huwa manjano. Ikifika 300 huwa buluu, na hapo ugumu wake umeshapungua. Makali ni membamba, kwa hiyo huungua kabla ya bapa. Grainda ndogo ya mkono huzunguka kiasi cha mara 11,000 kwa dakika. Si mashine mbaya, ila imetengenezewa kukata vyuma na kusawazisha palipochomelewa.

Yeye hutumia sahani ya chuma iliyobandikwa karatasi ya msasa, inayozungushwa na mota ya mara 1,450 hivi kwa dakika.

"Ami, nikitaka kununua yangu, nitazame nini?"

"Kwanza mwendo: uwe wa taratibu, au uweze kupunguzwa. Pili, sahani iwe imenyooka, isiyumbe, la sivyo itakula bapa. Tena kumbuka, katikati ya sahani mwendo ni mdogo, ukingoni ni mkubwa. Kazi ya uangalifu ifanyie ndani. Tatu, ndoo ya maji iwe karibu. Shika kisu kwa vidole vitupu; vikihisi moto, chovya. Na usisahau miwani."

Alikisaga polepole, akichovya kila mara, mpaka buluu yote ikaondoka. Makali yenyewe akayamalizia kwa kinoo na mkono wake.

Kisu cha baba sasa kimekonda kiasi cha upana wa ukucha. Lakini asubuhi ya Idi kilipita mara moja, na mbuzi hakuteseka. Siku nitakapomkabidhi mwanangu kisu hicho, nitampa na kinoo.